Nilivyomdanganya bibi wa Kigiriki kuwa naumwa mgongo, ili nisivune zabibu za mvinyo

Wakuu, asalaam aleykum, na heri ya mapumziko.

Nimeona humu watu wanabishana kuhusu kazi zinazogusa ulevi, nikaona nilete yangu. Sina sababu ya kutia chumvi, maana aliyeaibika ni mimi mwenyewe.

Mimi kwetu Ibra. Wazee wametoka Unguja, mimi nimezaliwa hapa hapa Oman. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa fundi wa pampu kwenye kiwanda kimoja Sur. Shift moja na mimi alikuwepo Mgiriki akiitwa Manolis, mtu wa makamo, mcheshi, bingwa wa kuchoma samaki.

Alhamisi na Ijumaa, ndiyo wikiendi yetu wakati ule, nilikuwa nampakia kwenye gari twende Ibra. Mama yangu alimpenda. Akimpikia wali wa nazi na mchuzi wa papa, na Manolis akajifunza kusema "shikamoo Mama" kwa sauti ya askari anayetoa amri.

Nyumbani uani tuna mzabibu uliopandishwa juu ya chanja. Siku ya kwanza Manolis aliuona akacheka.

Akatwambia kwao ni kisiwa cha Santorini, na kwao mzabibu ukiulea juu namna ile upepo unaung'oa. Wao matawi wanayasokota duara juu ya ardhi mpaka yanakuwa kama kikapu, zabibu zinakaa ndani yake. Kisiwa chenyewe ni mabaki ya volkano. Udongo ni majivu na mawe mepesi, hakuna mto, hakuna mfereji wa falaji kama wetu, mvua ya kubahatisha. Mizabibu inakunywa umande wa alfajiri. Matawi yakizeeka hukatwa, na mzizi ule ule wa chini unachipua upya. Ipo mizizi, akasema, aliyoikuta babu wa babu yake.

Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi huo si mti, huo ni ukoo."

Manolis alipotafsiriwa maneno hayo akayarudia kwa Kigiriki. Halafu akanialika: mwezi wa nane chukua leave, twende kwetu, ukamwone mama yangu, tuvune zabibu.

Wakuu, mimi nilisikia "zabibu". Sikuwaza zaidi ya hapo. Nikashughulikia viza Maskati, Mama akanifungia tende na halua, tukaondoka.

Akili ilinijia tukiwa kwenye meli ya kutoka Athens. Manolis alikuwa anasifu mvinyo mweupe wa kwao, namna ulivyo mkavu, mkali kama ndimu, na una chumvichumvi ya bahari kwa mbali. Nikajiuliza: kwani hizi zabibu nakwenda kuzivuna ziende wapi?

Nyote mnajua mashekhe walivyotufundisha. Dhambi ya kitu kile si ya mnywaji peke yake. Wapo na wanaokamua, na wanaobeba.

Tukapokewa na mama yake, Bi Katerina, mjane wa miaka sabini na kitu, nguo nyeusi juu mpaka chini. Alinipa chumba kizuri kuliko vyote. Kila nikimaliza sahani ya samaki na dengu zilizopondwa, ananiongezea.

Niseme nini pale? Niliona nikitamka kwamba kazi yao kwangu ni haramu, nimeitukana riziki yao ndani ya nyumba yao.

Asubuhi ya kuvuna, watu wameshashika visu na matenga, mimi nikashika kiuno. Nikamwambia Manolis mgongo umekaza tangu kwenye meli.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Bi Katerina hakwenda shamba. Alibaki kunitibu. Akanilaza kifudifudi, akaleta gilasi za kunywea maji, akawa anazipitisha moto ndani na kunibandika mgongoni. Chuku ile ile wanayopiga wazee wetu. Nilibandikwa gilasi kumi na mbili, nimelala kimya kama kobe.

Alipozibandua akamimina kitu kiganjani akanisugua. Harufu ikanipanda puani. Jioni nikamuuliza Manolis ile ni dawa gani, akasema si dawa, ni pombe kali wanayoipika kwa makapi ya zabibu.

Yaani nimekimbia zabibu, nimepakwa pombe yake. Nilioga mpaka Manolis akaja kugonga mlango, akanikumbusha kwamba maji ya kisiwani ni ya shida.

Siku ya pili, gilasi tena. Siku ya tatu jirani wakaanza kuja kuniangalia. Lugha hatuelewani, wanatikisa vichwa tu wakigusa viuno vyao.

Siku ya nne nikachoka kulala, nikatoka kutembea. Kando ya njia iendayo kwao palikuwa na ukuta wa mawe meusi umeporomoka. Mimi nimekulia Ibra, kuta za mashamba ya mitende tumezijenga kwa mikono. Jiwe nikiliona limekaa vibaya nawashwa. Nikaanza na moja. Nikaendelea. Sikusikia hatua za mtu.

Nilipoinua macho, nimekumbatia jiwe la uzito wa gunia la mchele, Bi Katerina amesimama mbele yangu na bakuli la supu. Nyuma yake Manolis.

Hakuna aliyecheka. Manolis akauliza kwa upole mgongo umepona saa ngapi.

Nikaweka jiwe chini nikasema ukweli wote. Manolis uso ulimwiva. Akasema, "Miaka miwili Sur umesali mbele yangu, na mimi nimekunywa mbele yako. Leo kwa mama yangu ndiyo ukaona haya?"

Kisha akamtafsiria mama yake. Bi Katerina akajibu taratibu, na Manolis akanigeuzia kwa Kiingereza neno kwa neno:

"Siku nne tunakaa meza moja, mimi sili nyama wala jibini. Ni siku zetu za kufunga. Nilikwambia tumbo linaniuma? Nilikwambia nafunga. Mbona wewe mgongo?"

Wakuu, niliinama nikambusu mkono. 

Akanipa supu. Nilipomaliza akanishika mkono mpaka kwenye mzabibu mmoja wa zamani, shina nene kama paja, umejikunja chini kama kuku anayeatamia. Akakata kishada. Akaosha gilasi mwenyewe, mara tatu, nikimtazama, nijue haina mabaki ya kitu. Akakamua kwa mkono, akanipa ile ile saa.

Tamu, halafu kali, halafu chumvi kidogo mwisho wa ulimi. Mvinyo wao siujui na sitaujua, lakini nilichoonja kilitoka kwenye mzizi ule ule.

Siku zilizobaki nikamaliza ukuta wa njiani. Wao wakavuna. Jioni tulikula pamoja, wao na gilasi zao, mimi na maji yangu, na hakuna aliyemwonea haya mwenzake.

Niliporudi Ibra nikamsimulia Mama, nikitegemea atakasirikia ile pombe ya mgongoni. Hilo hata hakulijali. Alikasirika kwamba nimemwongopea mtu mzima aliyenilaza kwake. Akaniamuru nipige simu Ugiriki, akaomba radhi kwa Kiswahili. Bi Katerina akajibu kwa Kigiriki. Waliongea robo saa, hakuna aliyemwelewa mwenzake, na kila mmoja alikata simu ameridhika.

Nilichojifunza: tunapoficha dini yetu kwa kisingizio cha adabu, mara nyingi tunamdharau mwenyeji. Tunamhesabia kwamba hawezi kutuelewa. Mwambie mapema, kwa heshima, umwachie nafasi ya kuwa muungwana.

Sasa wajuzi wa fiqhi humu nisaidieni, maana shemeji yangu ananisumbua mpaka leo: ukuta ule unapakana na shamba la mizabibu. Je, nilijenga njia, au nilijenga shamba? Na wewe uliyewahi kuumwa ghafla ugenini, hebu tuambie ulishikwa na nini.