Mahali pa Heshima

Kila asubuhi kabla ya kuingia porini kwa miguu, mwongoza wageni hachunguzi nyayo. Kikombe cha chai mkononi, anachunguza wageni. Bingwa hakosekani, yule aliyewahi kumkodolea simba macho mpaka simba mwenyewe akaona haya. Huyo humpa mahali pa heshima, hatua moja nyuma yake, na bingwa hushukuru.

Leo tembo jike alitanua masikio akawajia mbio. Mwongozaji hakugeuka. "Simameni," alinong'ona, mkono wake tayari umeshika mkanda wa bingwa, aliyekuwa anakimbia palepale bila kusogea. Tembo akasita, akarudi kwa mwanawe.

"Ulijuaje mume wangu atakimbia?" mke wa bingwa akauliza.

"Tembo hutanguliza masikio, mama. Binadamu hutanguliza mdomo."