Migomba Iliyokatwa kwa Uvumi

Iko asubuhi moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu. Nilikuwa mke kijana katika kitongoji chetu kidogo juu ya Nshamba. Uvumi ulitufikia kabla ya mtu yeyote wa serikali: tungehamishiwa kijiji cha ujamaa bondeni, na vibanja vyetu vya migomba na kahawa wangepewa wengine.

Usingizi ulituhama. Kila lori liliponguruma likipanda mlima, nilimfunga mtoto mgongoni nikasimama mlangoni, tayari kwa lolote. Jirani yetu Rwegasira, mtu mpole asiyegombana hata na kuku wa watu, alishindwa kuvumilia. Asubuhi hiyo ninayokuambia, tulisikia panga kibanjani kwake. Aliikata migomba yote aliyorithi kwa baba yake, huku machozi yakimtoka.

Mume wangu naye akachukua panga. Mama yake akamzuia kizingitini.

“Nani amekuambia tunahamishwa?”

“Watu, Ma. Lisemwalo lipo.”

“Watu hao wana jina? Nenda kamuulize mwenye kauli. Migomba utaikuta.”

Akaenda ofisi ya kata, akaikuta imefungwa. Akarudi na hofu maradufu. Mama mkwe alikuwa akitandaza nyasi kwenye mashina ya migomba.

“Nami naogopa, mwanangu,” aliniambia. “Ila hofu yangu isiwanyime wajukuu chakula.” Mume wangu alimsikia, akalirudisha panga mahali pake.

Hatimaye lori likaja kweli. Wakashuka wakubwa wawili wa serikali, wakatukusanya. Wakasema kitongoji kitabaki kilipo, kiunganishwe tu na majirani kiwe kijiji kimoja. Watu wakapumua. Rwegasira aliketi chini.

Mpaka machipukizi ya migomba yake yalipozaa, watoto wake walikula kwetu. Mama mkwe alitukataza kabisa kumkumbusha kosa lake. Alisema ameshajihukumu vya kutosha.

Basi, mwanangu, hofu haina aibu, sote huogopa. Lakini usikate leo kwa neno lisilo na mwenyewe, maana kukata ni kwa asubuhi moja, kukuza ni kwa miaka. Uliza kwanza. Ukikosa jibu, endelea kupalilia. Na jirani akiteleza, mlishe, usimcheke. Mungu akupe subira wakati wa mashaka, akijaze chungu chako, na akutunzie majirani wema.