Kiti cha Abiria

Miaka yangu yote ya Texas niliendesha gari moja, na sioni haya kusema hivyo. Wenzangu walibadilisha magari kama mashati. Mimi nina stashahada ya ufundi wa magari, niliyoisomea kwa jasho langu kabla sijapanda ndege, na mwenye stashahada ile hangoji muuza magari amwambie gari lake limekufa lini. Nyumba hii ninamoandikia, hapa Kibaha, vyumba vinne na kisima chake, imetokana na gari walilolicheka.

Na walilicheka kweli. Watanzania tukikutana Cedar Hill, pembeni mwa Dallas, kwenye sherehe, kabla sijazima injini jamaa mmoja mhasibu alikuwa anapaza sauti: "Jamani, mpisheni babu!"

"Babu ni mimi au gari?"

"Fundi, hilo gari limeshafika umri wa kupiga kura. Lipeleke likajiandikishe!"

Nilicheka nao. Wakati wa kuondoka walikuwa haohao wanaoniita pembeni niwasikilizie mlio fulani kwenye magari yao mapya.

Vipuri vyangu nilivitoa kwenye yadi ya skrepa kusini mwa Dallas. Unaingia na sanduku lako la spana, unatembea katikati ya mistari ya magari yaliyokufa, unafungua mwenyewe unachokitaka, unalipia getini. Wengine hawapapendi mahali kama pale. Mimi nilikuwa naingia kama mtu anayeingia dukani.

Asubuhi moja ya Agosti nikaliona gari kama langu: aina ileile, mwaka uleule, rangi ileile ya kijivu. Kwa dakika nzima nilidhani ni langu. Upande wa mbele kulia lilikuwa limebonyea, na kioo cha mbele upande huo kilikuwa na ufa uliotapakaa kama utando wa buibui. Lakini kiti cha abiria kilikuwa kizima, na changu sponji ilikuwa imekwisha. Mshono mmoja wa kiti kile ulikuwa umeshonwa tena kwa mkono, kwa uzi wa buluu. Nikafungua nati nne, nikakinyanyua. Jua la siku ile lilikuwa linachoma hata spana mkononi, ila mto wa kiti kile ulikuwa wa baridi. Nikasema moyoni, ni kivuli tu.

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, alikuwa Houston, mgonjwa wa figo, na kila baada ya Jumamosi moja tulimpelekea chakula na kukaa naye. Safari ya kwanza na kiti kile nilikwenda peke yangu. Nilipoiacha tu Dallas nyuma, kengele ya mkanda ikaanza kulia, na kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu: abiria hajafunga mkanda. Hapakuwa na abiria. Ililia hivyo zaidi ya saa nzima, mpaka nilipofika njia ya kuchepukia mji mmoja mdogo. Pale ikanyamaza.

Fundi haogopi kengele. Chini ya mto wa kiti kuna sensa inayojua kama mtu amekaa, na sensa huzeeka. Nikaweka mpya.

Safari ya pili mke wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku ya kutunza wazee, akajilaza kiti cha nyuma. Dallas ikabaki nyuma, kengele ikaanza. Nikaegesha pembeni, nikachomoa waya wa sensa kabisa, nikauonyesha kwa mke wangu ukining'inia. "Haiwezi kulia tena," nikamwambia. "Haina habari ya kiti tena."

Hatukumaliza maili mbili. Ikalia.

Mke wangu akainuka. Alinyoosha mkono kati ya viti, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaufunga. Kengele ikakatika. Tulikwenda hivyo, mkanda umekumbatia hewa, mpaka kwenye ile njia ya kuchepukia, ndipo akaniuliza.

"Kiti umekitoa wapi?"

"Skrepa."

"Gari lenyewe lilikuwaje?"

Nikamweleza kioo kilivyokuwa.

"Na wewe ukaingia ukachukua."

"Nimelipia getini, mke wangu."

"Sikuulizi kulipa. Kitu cha marehemu mtu hajichukulii. Unapewa na ndugu, matanga yakishaanuliwa. Mama yako hakukufundisha?"

Alinifundisha. Baba alipofariki, hata viatu vyake hakuna aliyevigusa mpaka baba mdogo alipotuita mmoja mmoja na kutukabidhi kwa mkono. Lakini Texas nilikuwa nimezoea kuona kwamba chuma hakina ndugu.

Kuanzia siku ile mke wangu hakukaa tena mbele. Miezi miwili nilimwendesha kama dereva wa kukodi. Mwisho akaniambia: kiti kitoke, au gari litoke, atanunua jipya lake na mimi nibaki na babu yangu. Nilijua hatanii, na nilijua akilinunua yeye, langu litakaa uani lioze. Nikasema nitakitupa. Akakataa. "Hakitupwi. Kinarudishwa kwa wenyewe."

Wenyewe ni akina nani? Nilirudi yadi, mstari ule ulikuwa mtupu, magari yameshasagwa. Nikakipekua kiti. Kwenye mfuko wa nyuma yake, chini kabisa, nilikuta kikadi cha gereji, cha kukumbusha tarehe ya kubadilisha oili. Jina la mji lililoandikwa pale lilikuwa la ule mji mdogo.

Jumamosi iliyofuata tukachepuka. Gereji ilikuwa banda moja la bati, na nyumba ya mbao ubavuni mwake. Akatoka mzee wa Kizungu, mkubwa wa mwili, anafuta mikono. Mke wangu ndiye aliyezungumza. Mimi Kiingereza changu kizuri kilinikauka. Mzee aliinama dirishani, akapitisha kidole juu ya uzi wa buluu.

"Huu ni wangu," akasema. "Uzi wa kuvulia samaki. Mke wangu alipachana kwa mkasi, nikamshonea."

Akatueleza kwa maneno machache. Mke wake alikuwa amekaa pale siku ya ajali. Yeye mwenyewe alipotoka hospitali, mazishi yalikuwa yamepita na watu wa bima wameshalichukua gari. Hakupata hata kuingia kutoa miwani ya mkewe.

Mke wangu akamwambia habari ya kengele, inapoanzia na inaponyamazia. Nilitaka kumzuia. Mzee hakushangaa.

"Hakupenda mkanda," akasema. "Tulikuwa tunagombana tangu Dallas mpaka hapa."

Akaomba akae. Nikarudisha waya wa sensa mahali pake, nikawasha. Mzee alikuwa na kilo mia na ushee, hakufunga mkanda, alikaa mikono imetulia magotini, anasubiri. Kengele haikulia. Taa haikuwaka. Sensa mpya, waya mzima, kazi ya mkono wangu, na kwa gari lile kiti kilikuwa kitupu. Tulikaa hivyo mpaka nikazima mwenyewe.

"Mume wangu," mke wangu akasema kwa Kiswahili, "mfungulie."

Nati nne. Sijawahi kufungua taratibu namna ile. Mzee aliingia bandani akatoka na kiti kingine, cha kahawia, kisicholingana na chochote ndani ya gari langu, akakielekeza kwa mke wangu. Aliupokea ule uzito kwa mikono miwili kabla mimi sijafika.

"Hiki tumepewa," akaniambia.

Nikakifunga. Akakaa mbele, akavuta mkanda. Nilikuwa nimebaki na gari langu, na mke wangu ubavuni.

Tukiwa tunageuza, nikamwona mzee amekibeba kile cha uzi wa buluu kifuani, anaelekea nyumbani kwake. Alisukuma mlango kwa bega. Kisha hakuingia. Alisogea pembeni, akasimama kidogo na mzigo wake, kama mtu anayempisha mwingine atangulie, halafu ndipo akaingia.

Nilimtazama mke wangu. Naye alikuwa ameona.

"Twende," akasema. "Dada hajala."