Letusi Chini ya Samaki

Nilipoanza kupanda letusi ya romeni nyuma ya nyumba yetu Kendu Bay, mume wangu aliiita chakula cha sungura. Ni letusi ndefu, majani husimama wima na katikati hufunga moyo mweupe, mtamu. Haipendi jua, na sisi jua tulikuwa nalo la kugawa. Niliijengea kivuli cha mafunjo, nikaimwagilia alfajiri kabla ya kwenda kufundisha na jioni tena, kwa maji niliyobeba kichwani kutoka ziwani. Mara mbili jua liliishinda, ikatoa shina la maua na majani yakawa machungu kama mwarobaini. Mara ya tatu ikakubali. Mama mkwe, ambaye nyumba yake ilikuwa mbele ya yetu, alinisaidia kufukuza kuku.

Mioyo ilikuwa haijafunga bado siku niliyokwenda sokoni Oyugis. Niliporudi nikakuta mume wangu ana wageni, wakubwa wake wa kazi kutoka Homa Bay. Nikapitia nyuma. Bustani ilikuwa imebaki vishina. Mama mkwe akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwanawe alikata mwenyewe, kwa panga, na yeye mama alipomwomba amngoje mwenye bustani, akamjibu kwamba mwenye bustani ni mwenye boma.

Nikaingia sebuleni. Letusi yangu ilikuwa imetandikwa kwenye sinia chini ya ngege wa kukaanga, imelegea kwa mafuta. Hakuna aliyeionja. Walikula samaki na ugali, majani wakayaacha pamoja na miiba. Mgeni mmoja akasifu jinsi sinia lilivyopambwa, na mume wangu akasema, huku anacheka, kwamba yeye hupenda kujaribu mboga za kizungu shambani kwake.

Nilifunzwa kwamba mke hamwaibishi mume mbele ya wageni.

"Baba watoto," nikasema, "waeleze wageni ulivyoipanda."

Akakohoa. Akanituma maji ya kunawa. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, na ndiye aliyejibu.

"Aliyepanda ni nyar Ndhiwa. Huyu hajui hata mbegu yake inafanana vipi."

Hivyo ndivyo alivyoniita tangu nilipoolewa, binti wa Ndhiwa.

Wageni hawakukaa sana. Walipoondoka, mume wangu alisema nimemvua nguo, tena kwa ajili ya majani tu. Hapo ndipo nilipoumia hasa. Kama yalikuwa majani tu, mbona alitaka yawe yake?

Hakuniomba radhi. Msimu uliofuata nikaomba kipande cha ardhi shuleni, nikapanda huko. Mioyo ya letusi tulikula mimi na mama mkwe, nyumbani kwake, kwa chumvi na ndimu. Nyumbani kwangu nilipanda sukuma wiki. Mume wangu alipouliza mbona bustani haina letusi, nilimwambia jembe liko nyuma ya mlango. Hakulishika. Ni miaka mingi sasa, na hasira ile ningali nayo.