Mama mkwe kawafungulia ng'ombe kipande tulichokipumzisha, nami nikabaki natabasamu (Sydney)

Wakuu, heshima kwenu. Hii imetokea Jumamosi iliyopita. Anayetaka kusema ni chai aseme, mimi nasimulia kilichonikuta.

Naishi Minto, huku Sydney, na mke na watoto. Wiki nzima niko warehouse Seven Hills, weekend nachunga ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe. Msukuma utampeleka wapi?

Mzee mmoja wa Kizungu alituachia shamba lake nje ya mji, mimi na mke wangu, kwa sharti moja: tuiponye ardhi. Ilikuwa imechoka, ngumu kama sakafu. Kipande cha nyuma ndicho kilikuwa hoi kabisa, na mzee alisema akikikuta vilevile, tunaondoka sisi na ng'ombe wetu.

So tukaanza rotational grazing. Unagawa shamba kwa nyaya za umeme, ng'ombe wanakula kipande kimoja, unawahamisha kabla hawajamaliza majani, kile walichotoka kinapumzika mizizi ishike.

Cha nyuma tulikipumzisha kuliko vyote. Majani yakarudi. Ukichimba unakuta minyoo! Nilikuwa nakwenda kukichungulia kama mtu mwenye mtoto mchanga.

Sasa mama mkwe yupo kwetu, kaja kututembelea kutoka Bukavu. Ana roho nzuri, na ng'ombe kakua nao. Jumamosi nikaenda naye shambani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, udongo umelowa chapachapa. Ng'ombe wamejipanga kwenye uzio wanalilia majani ya kipande cha nyuma.

"Baba, hii ngombe iko na njala, na majani iko pale. Unaifunga juu ya nini?"

Anauliza kwa nini nawafungia. Nikacheka kinafiki. Akaenda, akashika kile kishikio cha plastiki cha waya wa lango kama alivyoniona nikifanya, akafungua.

Wakuu, nilikotoka mama mkwe humkatazi kitu. Hata akiongea humkatizi. Nikampigia mke wangu aongee na mama yake. Yuko shift, nursing home ya Lidcombe, simu haipokelewi. Nikapiga tena. Naona kwato zinazama, majani yanageuka tope, na mimi nimesimama na simu mkononi namtabasamia mkwe. Yaani natabasamu!

Walipofika katikati uzalendo ukanishinda.

"Mama, samahani, hapana! Tuwatoe!"

Nikamweleza mbiombio habari ya mzee na sharti lake. Akavua kitenge cha begani, akaanza kuwaswaga kabla yangu.

Nusu ya kipande imeharibika. Mzee kaja Jumapili, kachoma koleo huku na kule kukagua udongo. Nilimwambia ni mimi niliyefungua. Atarudi udongo ukikauka, ndipo aamue.

Jioni mama akaniuliza mbona nilinyamaza. Nikamwambia nilikuwa namheshimu.

"Ile njo heshima gani, baba? Unaniona naharibu chakula ya wajukuu yangu, unanichekea tu?"

 

Nilichojifunza: kumwachia mkwe akosee mbele ya macho yako si adabu, ni woga wako tu umeuvalisha nguo nzuri.

Wenye wakwe mje mnichape. Ila wafugaji naomba mnijibu kwanza: ardhi iliyokanyagwa ikiwa imelowa hivi, huwa inarudi? Jua limeanza kuwaka huku, na kila simu ikiita naruka.