Chumvi Iliyomwagwa Bomani

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, enzi za Mdachi, chumvi yetu ilipopandishwa kwenye mizani ya boma huku mimi na mama tumesimama juani. Mwanangu, jana uliporudi kutoka shuleni ukaniambia chumvi halisi ni ile nyeupe ya dukani na hii yangu ni uchafu, nilitaka kukufinya sikio. Kaa hapa kwanza.

Mwaka ule mvua ziligoma, ghala likabaki tupu. Basi mama na mimi tukashuka hadi mbuga ya Bahi, tukakwangua udongo wa chumvi, tukauchuja kwa maji, kisha tukayachemsha maji yale hadi yakakauka chunguni. Ile chumvi ya kijivu ndiyo tungeibadilisha kwa mtama sokoni. Tusingeibadilisha, wadogo zangu wangelala na njaa.

Mdachi aliyekagua pale bomani bidhaa za sokoni, mtu mwembamba wa chupa na dawa, alichota kidogo, akaitia maji, akadondoshea dawa zake, akapima. Kisha akasema kupitia kwa mkalimani: "Humu chumvi ni nusu tu. Nusu nyingine ni magadi na vumbi. Hii isiitwe chumvi, wala isiingie sokoni."

Mama aliniminya mkono ninyamaze. Sikunyamaza. Nilikuwa msichana mkaidi, na mpaka leo sijajuta.

"Muulize," nikamwambia mkalimani, "kabla hajawa na mizani wala chupa, nani alimwambia chumvi ni ipi?"

Mdachi alifikiri. Kweli alifikiri, hilo simnyimi. Akajibu kwamba mwanzoni watu walionja, lakini ndimi mbili huweza kubishana, mizani haibishani.

"Hapo kasema kweli," nikajibu. "Ila mizani yake inapima kile walichokubaliana kwao kukiita chumvi. Sisi chumvi yetu ni ile inayoivisha mboga ya mlenda ikavutika. Hayo magadi anayoyaita uchafu ndiyo tunayoyataka. Apikie mlenda hiyo nyeupe yake, aone!"

Askari mmoja alicheka, akakaripiwa. Mdachi akaamuru chumvi yetu imwagwe uwanjani na ikanyagwe kwa buti. Mama alilia.

Mdachi alipoingia ndani, nikapiga magoti nikaanza kukwangua.

"Inuka, we binti, watakuchapa!" mama akasema.

"Kwani mama, tuliitoa wapi? Si kwenye udongo?"

Akanitazama, akajifuta machozi, akapiga magoti kando yangu. Tuliizoa pamoja na mavumbi ya boma, tukaichuja upya, tukaichemsha upya, tukaipitisha nyumba kwa nyumba. Kina mama walionja, wakaiita chumvi, wakatupimia mtama. Usiku ule wadogo zangu walikula ugali.

Kwa hiyo, mwanangu, soma. Zijue mizani na chupa zao zote, maana zinaona yale ambayo ulimi hauyaoni. Lakini kila ukiletewa kipimo, uliza kinapima nini, na nani aliyeamua hicho kinachopimwa kiitwe hivyo. Usikubali kuambiwa chako si kitu kwa sababu tu hakikuenea kwenye chupa ya mtu mwingine.

Mungu akupe kichwa cha kusoma na kinywa cha kuuliza. Na siku watakayokumwagia chako chini, akupe magoti ya kukiokota mbele ya macho yao.