Kifungo cha Katikati

Mwaka wa kuelekea Uhuru, kaka yangu alitaka kwenda Rodeshia kuchimba shaba. Pamba yetu ya Magu ilikuwa imeoza kwa mvua, na wazazi wa mchumba wake walikuwa wamechoka kusubiri ng'ombe wa mahari. Wakala wa migodi alidai kibali chenye picha. Basi tukaja Mwanza mjini wote wawili, mimi nikiwa msomaji wa karatasi, kwa kuwa ndimi msichana pekee wa nyumbani aliyefika darasa la sita.

Mpiga picha alikuwa na koti moja jeusi, limening'inia ukutani kama mjomba aliyekuja kutembea akasahau kuondoka. Kila mwanamume aliyeingia pale alivishwa. Kupigwa picha na shati tupu ilikuwa kuutangazia ulimwengu kwamba huna hata ndugu wa kukuazima nguo. Kati ya vifungo vitano, cha katikati hakikuwapo. Kaka akalivaa, ziwa likimeta mlangoni, akakodoa macho.

Karani wa vibali aliitazama picha, akamtazama kaka na shati lake la kaki.

"Huyu ana koti. Wewe huna."

Kaka akaeleza kwa adabu kwamba uso ni wake.

"Nyuso zinafanana, bwana. Lete koti."

Mpiga picha alikataa kuliazima. Likitoka, alisema, yeye abaki anapiga picha ukuta? Tukarudi mikono mitupu. Kwenye foleni wanaume tisa walishika picha tisa, vichwa tisa juu ya koti lile lile. Karani akawauliza kama ni watoto wa baba mmoja.

"Mama mbalimbali," mmoja akajibu. "Baba ndiye koti."

Foleni ikaangua kicheko. Karani hakucheka. Akachukua fomu ya kaka, na pale penye alama ya kumtambulisha mtu akaandika: koti jeusi, halina kifungo cha katikati. Akagonga muhuri, akaonya kwamba bila koti hilo kaka hatapanda treni.

Fundi cherehani, rafiki wa marehemu baba, alishona koti jipya kwa siku mbili, akiipima picha kwa uzi. Lilifanana na lile kwa kila kitu, ila lilikuwa na vifungo vyote vitano. Kaka alipomkumbusha lile pengo, mzee aliudhika.

"Sijapata kumvisha mtu pengo, mwanangu. Mimi si mpiga picha."

Stesheni, mkaguzi alihesabu vifungo vya picha kwa ncha ya kalamu, kisha vya kifuani.

"Si wewe," alisema.

Treni ikapiga honi. Kaka akakishika kifungo cha katikati, akakinyofoa pamoja na uzi wote wa mzee. Mkaguzi akahesabu tena.

"Sasa ni wewe. Panda."

Kifungo kilimponyoka, kikabingirika hadi miguuni pangu. Treni ilipoanza kwenda nilikiinua ili kaka akione. Akaliziba pengo kwa kiganja haraka, akajivuta ndani kutoka dirishani, kama mtu anayeogopa nitamrudishia.